Gari Lililobaki Uani

Kwenye karakana ya kufunga vitabu walimwita Sindano, na jina lilimkaa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwepesi wa mikono, na kazi yake ilikuwa kushona kurasa kwa uzi kabla hazijapakwa gundi na kuvalishwa jalada. Nyumbani alikuwa mke wa fundi wa majokofu na mama wa binti mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia darasa la kwanza. Waliishi nje kidogo ya mji, mahali ambapo nyumba zina ua na usingizi ni wa bure, ila kazi zote ziko upande wa pili wa barabara kuu. Kila asubuhi Sindano alimpakia binti yake kwenye gari dogo la kijivu, akamshusha shuleni, kisha akaendelea na foleni hadi mjini.

Gari hilo lilikuwa fahari ya mumewe. Alilinunua likiwa limekufa, akalifufua kwa mikono yake mwenyewe, kisha akamfundisha mkewe kuliendesha kwenye uwanja wa mpira, akikaa pembeni huku ameshikilia dari kana kwamba ndiyo inayomzuia asianguke. Siku Sindano alipopata leseni, mume alitembea mtaa mzima akieleza habari hizo kwa watu ambao hawakumuuliza.

Sasa, asubuhi moja, Sindano alisimama kwenye taa nyekundu nyuma ya lori la mchanga. Binti yake alikuwa kiti cha nyuma akiimba wimbo wa shule. Sindano aliona vumbi la mchanga likichuruzika kwenye mlango wa lori, akakumbuka kwamba hajafunga dirisha la jikoni.

Halafu lori halikuwepo.

Mbele yake barabara ilikuwa nyeupe, tupu, na taa ilikuwa ya kijani. Nyuma honi zililia kama watu waliokuwa wakigombana kwa muda mrefu. Mtu alipita pembeni yake akimtukania mama yake mzazi. Sindano alitazama kwenye kioo, akamwona binti yake amefungua mkanda, amesimama katikati ya viti, macho yamemtoka.

"Mama, mbona huniitikii?"

"Nimekusikia, mama. Kaa chini."

"Hukunisikia. Nimekuita, nimekuita. Ulikuwa unatafuna."

"Natafuna nini?"

"Hakuna kitu. Ulikuwa unatafuna tu."

Sindano akaingiza gia, akaondoa gari. Mikono ilikuwa yake, miguu ilikuwa yake, lakini mdomo ulikuwa na ladha ya chuma. Alimshusha mtoto, akambusu, akamwangalia akiingia getini. Kisha akabaki ameegesha gari kando ya ukuta wa shule, hawezi kuwasha injini, kwa sababu wazo lilikuwa limemwingia na halitaki kutoka. Mguu wake ulikuwa kwenye breki. Ulikuwa kwenye breki kwa bahati tu. Mbele kidogo ya taa zile kulikuwa na daraja refu, na kwenye daraja lile magari yalikimbia kama yanafukuzwa. Je, kama hali ile ingemkuta pale?

Wala haikuwa mara ya kwanza. Alipokuwa peke yake na nafsi yake alilikubali hilo. Kuna siku alijikuta amesimama jikoni na maji ya chai yamefurika kikombe, yamefurika meza, yanadondoka sakafuni. Kuna siku kazini aliinua uso na kukuta wenzake wameshaondoka kwenda kula, na hakuwaona wakiondoka. Alijiambia ni uchovu. Mtu mwenye kazi na mtoto hakosi sababu ya kuchoka.

Usiku ule mezani, binti alisema huku akichezea kijiko, "Leo mama alilala macho wazi kwenye gari."

Sindano aliona mumewe ameacha kutafuna. Akacheka, na kicheko kikatoka kirefu kuliko alivyokusudia. "Nilikuwa nawaza kazi. Taa ikawaka kijani sikuiona."

"Lala kitandani, mke wangu, si barabarani," mume akasema, akacheka naye, yakaisha.

Kwake hayakuisha. Alilala ametazama dari akipima, na kila alipopima mizani iliegemea upande ule ule. Kwenye gari, akipotea kidogo tu, anaondoka na mtoto, anaondoka na watu waliotoka kwao wakiwa wazima. Kwenye treni, dereva ni mtu mwingine. Kama ni kufa, bora afe peke yake. Kumweleza mume hakuweza. Alihisi kwamba jambo likishatamkwa litakuwa kweli, na likiwa kweli litakuwa na jina.

Asubuhi akasema gari linatoa mlio asioupenda.

Mume alilala chini ya gari mpaka shati likawa la kufanyia usafi. Alitoka akiwa na uso wa mtu aliyetukanwa. "Mlio gani? Gari hili linapumua kama mtoto."

"Basi foleni imenichosha. Nitajaribu treni."

"Treni?" Akajifuta mikono polepole. "Gari lina kiti chako, redio yako, unatokea mlangoni unaingia. Treni utasukumwa, utachelewa, utaibiwa simu. Mtu ana gari uani halafu anakwenda kubanwa na watu asiowajua?"

"Ndani ya treni naweza hata kusinzia."

"Kusinzia? Kwani kazini unashona magunia?"

Aliyekuwa kizingitini akiwasikiliza ni wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke aliyekuja kuwatembelea baada ya ndoa yake kuvunjika, na ziara ikasahau kuisha. Alikuwa na ulimi mkali na mikono yenye huruma, ila watu wengi walikutana na ulimi kwanza. "Mwache, kaka," akasema. "Huenda huko kwenye treni kuna kiti kinamsubiri."

Alisema kwa utani. Lakini mume hakucheka, na Sindano aliona jinsi neno lile lilivyomwingia likakaa.

Hivyo wifi akawa anampeleka mtoto shuleni kwa miguu, na Sindano akawa mtu wa treni. Alidhani hofu itabaki uani na gari. Haikubaki. Ilimsindikiza hadi stesheni na kumtangulia kwenye ngazi. Jukwaa la stesheni lilikuwa refu na jembamba, na ukingoni palichorwa mstari wa njano ambao watu waliukanyaga kama haupo. Chini ya mstari kulikuwa na reli zinazong'aa, na kokoto nyeusi kwa mafuta. Sindano alitazama chini mara moja, siku ya kwanza, akarudi nyuma. Hali ile ikimjia pale, miguu yake haitasimama kumsubiri. Umati utasukuma, na yeye atakwenda unakokwenda umati.

Tangu siku hiyo alisimama ameegemeza mgongo kwenye ukuta wa kibanda cha tiketi, mkono mmoja umeshika chuma cha dirisha. Treni ilipoingia alifumba macho, si kwa woga wa kelele, bali kwa woga wa kujiona akielekea kule. Hakuondoka ukutani mpaka milango ifunguke. Kwa hiyo kila siku aliingia wa mwisho, na kila siku alisimama njia nzima.

Kazini hofu ilimfuata hadi kwenye mashine ya kukatia karatasi, ambayo wote waliiendesha kwa zamu. Kisu chake kilikuwa kirefu kama mkono wa mtu, na kiliteremka kwa mlio mdogo wa kuridhika. Mashine ile haikushuka mpaka mtu abonyeze vitufe viwili kwa mikono miwili, kimoja kulia kimoja kushoto. Zamani Sindano aliona ni usumbufu. Sasa alimshukuru moyoni aliyeitengeneza, kwa kuwa alikuwa amemfikiria mtu kama yeye. Gari halikuwa na vitufe vya namna hiyo.

Kwenye behewa alilozoea kulikuwa na abiria mmoja, mama mnene mwenye sauti nzito, ambaye wote walimwita Mkunga kwa kuwa ndiyo kazi yake. Alipanda na fulana ya sufu hata kukiwa na joto, alijua habari za kila mtu, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu tumboni kabla ya kumtazama usoni. Siku moja alimvuta Sindano mkono akamkalisha penye nafasi iliyokuwa ya mfuko wake.

"Kaa, binti. Kila siku unasimama kama umeadhibiwa."

Wakazoeana. Mkunga alisimulia, Sindano aliitikia. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya taa nyekundu, safari ilikuwa na dakika ambazo hakuwaza lolote. Kisha, asubuhi moja, Mkunga alikuwa akieleza habari ya baba fulani aliyezimia mlangoni mwa chumba cha kujifungulia kabla hata mkewe hajaanza kulia, na Sindano alikuwa akicheka.

Halafu Mkunga alikuwa amemshika kiganja, anamtazama, hacheki.

"Umerudi," Mkunga akasema kwa sauti ya chini.

"Nimekwenda wapi?"

"Hilo ndilo nakuuliza wewe. Tumepita stesheni nzima, binti yangu. Ulikuwa unanitazama hunioni. Mdomo unatafuna, na mkono huu unavuta kifungo cha gauni, unavuta, unavuta."

Sindano akatazama chini. Kifungo kilikuwa kimening'inia kwa uzi mmoja.

"Sikulala vizuri," akasema.

"Nimewaona waliolala vibaya. Mimi si daktari wa kichwa, lakini nimekaa hospitali hadi nywele zimebadilika rangi. Nenda ukaonane na daktari wa mishipa ya fahamu. Lina dawa jambo hili. Mumeo anajua?"

"Hakuna la kujua, mama."

"Unaendesha gari?"

Sindano akasimama. Stesheni yake ilikuwa bado, lakini akasogea mlangoni, akashuka kwenye stesheni isiyo yake, akasubiri treni nyingine. Kesho yake alipanda behewa la mwisho kabisa. Ndani ya lile hakumjua mtu, na hakuna aliyemjua. Akabana mfuko kifuani na kuhesabu nguzo za umeme dirishani, kwa kuwa alikuwa amegundua kwamba maadamu anahesabu, yupo.

Nyumbani mambo yakazidi kubana. Mume alianza kumuuliza amekaa na nani kwenye treni. Aliuliza kwa sauti ya kawaida mno. Siku moja alisema, bila kumtazama, "Kama kuna mtu, bora uniambie." Sindano akatamani kucheka na kulia kwa pamoja. Mtu yupo, alitaka kumwambia. Ni mimi, na sijui huwa nakwenda wapi. Badala yake akasema, "Hakuna mtu," na ukweli ule ukasikika kama uongo.

Ikaja Jumamosi. Mume alikuwa ametoka alfajiri kwenda kutengeneza chumba cha baridi cha machinjio, mbali, na simu yake huwa haipatikani akiwa humo ndani. Mchana binti, aliyekuwa amelala tangu asubuhi kwa mafua, alianza kutetemeka. Shingo ilikuwa imevimba pande zote mbili, na alipojaribu kumeza maji, yalirudi. Paji lake lilichoma mkono. Pumzi ikaanza kutoa mlio kama wa mlango mkavu.

"Mtoto huyu si wa kusubiri," wifi akasema. Ule ulimi wake haukuwepo. "Toa gari, twende hospitali."

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, baada ya daraja. Reli haikupita huko.

"Tumpigie baba yake," Sindano akasema.

"Nimempigia mpaka kidole kimeuma. Wifi, gari liko uani na wewe ndiye mwenye leseni. Unangoja nini?"

Sindano akachukua ufunguo. Akamlaza mtoto kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa shangazi yake. Akakaa kwenye usukani, akafunga mkanda, akawasha. Injini iliitika mara moja. Akarudisha gari nyuma hadi getini, na pale, kwenye kioo, aliwaona wote wawili: binti mdomo wazi akitafuta hewa, na wifi akimpepea kwa kitambaa. Mbele ya macho yake likaja daraja. Aliona kingo zake. Aliona lori. Alijisikia amekwishapotea, na hakujua kama ni hofu au ndiyo yenyewe inakuja, maana vyote viwili vilianzia pale pale tumboni.

Akazima injini. Akachomoa ufunguo.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi nini?"

"Nikiendesha nitawaua." Hakugeuka. Alizungumza na usukani. "Huwa napotea, wifi. Macho yako wazi na mimi sipo. Ilinitokea barabarani na mtoto akiwa hapo hapo alipo. Ndiyo maana ya treni. Hakuna mwanamume. Hakuna kitu. Nimeogopa kusema."

Alingoja ule ulimi. Alingoja uje umkate. Lakini kilichosikika ni mlango wa gari ukifunguliwa. Wifi alikuwa ameshashuka, amevua viatu, anakimbia peku kuvuka barabara ya mtaa kuelekea kwa jirani yao, fundi wa mabomba, akimwita kabla hajafika. Jirani alitoka na povu la sabuni kidevuni, nusu amenyoa nusu bado. Hakuuliza swali. Alikaa pale alipokuwa amekaa Sindano, na Sindano akahamia nyuma, akamchukua mwanawe mapajani. Walipopanda daraja alimfunika mtoto uso kwa mkono, kana kwamba wa kuogopa alikuwa mtoto.

Yalikuwa mafindofindo yaliyopata usaha. Daktari wa zamu alimchoma binti sindano, akamwekea mvuke, na kabla jua halijashuka mlio ule wa pumzi ulikuwa umekwisha. Daktari alisema wamefanya vizuri hawakungoja kesho. Sindano alisikia maneno hayo kama anaambiwa mtu mwingine.

Mume alifika akiwa bado na koti zito la chumba cha baridi. Alimgusa mtoto, akamsikiliza anavyopumua, kisha akamtazama dada yake, na dada yake akasema, "Toka nje uzungumze na mkeo. Na umsikilize mpaka mwisho, kaka, kabla hujafungua mdomo."

Walikaa kwenye benchi la korido. Sindano alisema yote: lori la mchanga, chai iliyofurika, kifungo, Mkunga. Mume hakumkatiza.

"Mtoto alikuwa nyuma," mume akasema hatimaye.

"Alikuwa nyuma."

"Na mimi nilicheka mezani." Akasugua uso kwa viganja viwili. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulilifufua lile gari kwa ajili yangu."

"Nani kakwambia nalipenda gari kuliko..." Alikuwa na hasira, na Sindano aliona wazi kwamba hasira yenyewe ilikuwa ni hofu iliyokosa pa kukaa. Akainuka, akatembea hadi mwisho wa korido, akarudi. "Nilikuwa nimepanga kukufuata Jumatatu," akasema. "Nione unakaa na nani. Basi nitakufuata hivyo hivyo."

Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa kijana mtaratibu aliyependa kuchora anapozungumza. Walimbandika Sindano nyaya kichwani, wakamwashia taa za kumetameta, wakamwambia apumue kwa nguvu. Kisha daktari akalitaja lile jina alilokuwa akilikimbia. Kifafa. Sindano akashika ukingo wa kiti. Alichokijua kuhusu kifafa ni mtu kuanguka sokoni, na watu kurudi nyuma wakiogopa kumgusa.

"Si kila kifafa kinaangusha mtu," daktari akasema. "Chako kinakuchukua kidogo na kukurudisha. Dawa zipo, na wengi zinawatuliza. Ila kuendesha, hapana. Labda baadaye sana, labda hata hapo hapana. Nikikuahidi nitakuwa nimekudanganya."

Ajabu ni kwamba, kati ya yote aliyosikia siku ile, hilo la gari ndilo halikumuuma. Lililomuuma ni kufikiria kazini. Aliogopa hadi akapunguza kula, lakini alikwenda mwenyewe kwa msimamizi wa karakana na kumweleza amesimama, mikono nyuma. Msimamizi alikuna shingo kwa muda. Alisema kwenye mashine ya kukata asimwone tena, abaki na uzi wake, na kama kuna atakayemcheka amletee jina. Waliomcheka hawakukosekana. Wengine waliacha kunywa maji kwenye kikombe alichotumia. Wengine, mmoja mmoja, walikuja kumuuliza pembeni habari za dada au mtoto wao wa kiume, ambao huwa wanatazama bila kuona.

Lakini kabla ya daktari huyo na msimamizi, Jumatatu ile iliyofuata baada ya hospitali, mume alipanda naye treni kweli. Alikuwa amejiandaa kama mlinzi: alimshika kiwiko tangu ngazi za stesheni, akamweka ukutani, akasimama mbele yake ameukingia mstari wa njano kwa mwili wake wote. Waliingia behewa la zamani. Mkunga aliwaona akasogeza mfuko.

"Huyu ndiye mwenyewe?" akauliza.

"Ndiye, mama. Shikamoo. Nilikukimbia, unisamehe."

"Marahaba. Wanaonikimbia nimewazoea, wote hurudi tumbo likibana." Akamgeukia mume. "Wewe, akiondoka usimtikise, usimkemee. Mshike mkono, ongea naye taratibu, atarudi. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Mume aliapa hatafumba jicho. Kabla ya stesheni ya tatu alikuwa amelala fofofo, kichwa begani kwa mkewe, mdomo wazi, amechoshwa na siku mbili za kutolala. Mkunga alitaka kumwamsha, Sindano akamzuia kwa kutikisa kichwa. Ikawa yeye ndiye anayemlinda, huku treni ikipita juu ya barabara kuu na magari yakionekana chini, yamebanana, kila moja na mtu wake.

Dawa zilimpa kizunguzungu mwanzoni, akabadilishiwa. Kupotea kulipungua, kukawa nadra, ila hakukuisha kabisa. Hali ile ilimjia tena mara moja mvua ikinyesha, kwenye benchi la stesheni, akarudi na kukuta mwanafunzi asiyemjua amemshika mkono, kwa kuwa Mkunga alikuwa ameshawaelekeza abiria wa pale. Mume alianza kuendesha gari mwenyewe kwenda kwenye kazi zake, na kumshusha binti shuleni njiani. Wifi alitangaza kwamba sasa atajifunza kuendesha, na mume akasema atashikilia dari kwa mikono miwili.

Sindano bado husimama ameegemea kibanda cha tiketi. Hofu haijamwacha. Kila treni inapoingia hutazama ule ukingo kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani. Siku hizi hafumbi macho. Hungoja milango ifunguke, watu wapungue, ndipo aondoe mkono kwenye chuma cha dirisha na kuvuka.